Jibu Lililokwenda kwa Simu

Siku mtoto wa dada yangu alipovaa joho la kumaliza skuli, mimi niliishiwa na udhuru.

Nilikuwa jikoni kwetu Ibra, napanga sambusa kwenye sinia, na wazo hilo likanijia nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Kwa miaka kumi na sita na zaidi, kila mwanamume aliyeleta posa katika nyumba hii alipata jibu moja kutoka kwangu: Wiam kwanza. Wiam hajaota magego, Wiam kwanza. Wiam kaingia darasa la kwanza, la tano, la kumi, Wiam kwanza. Dada yangu Basma alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu, baba mtu akaoa Maskati akapata watoto wengine, na mimi nikabaki na mtoto kiunoni na neno la kuwajibia wanaume. Sasa Wiam ana miaka kumi na minane. Kapata asilimia tisini na sita na nukta nane, kapata nafasi ya kusomea udaktari Maskati, na nyumba nzima imejaa maputo ya rangi ya dhahabu na wanawake wanaopiga vigelegele. Na mimi mwenye miaka thelathini na tisa nimesimama mbele ya sinia la sambusa, sina neno tena.

"Ghalia."

Kaka yangu Amur alikuwa kasimama mlangoni. Jikoni haingii. Ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyeishika nyumba tangu baba alipokufa, na hata akiomba maji ya kunywa sauti yake hutoka ikiwa amri.

"Naam, Kaka Amur."

"Wale wa Nizwa wamenipigia tena. Bader anataka jawabu leo, kabla ya magharibi."

"Leo hafla ya mtoto."

"Ndiyo maana leo. Si ulisema akimaliza? Basi kamaliza. Au sasa utasema amalize udaktari, aolewe, azae, na wajukuu nao wamalize skuli?"

"Miye sijasema kitu."

"Ndilo linalonitisha." Akalainika kidogo. "Bader mtu mwema, Ghalia. Kafiwa na mkewe, hana makuu, hana maneno. Mama keshakuwa mzee. Wiam akenda zake Maskati, utakaa hapa unatazamana na nani?"

Hilo la kutazamana na nani lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Nitakwambia kabla ya magharibi," nilisema.

Nisieleweke vibaya. Nilikuwa nimekwisha kuamua kusema ndiyo. Bader nilimwona mara mbili, mbele ya watu. Huzungumza polepole, na aliniuliza habari za kazi yangu ya dawa pale hospitali akanisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalijui sana. Sikumpenda. Nilikuwa nimechoka tu, na mtu aliyechoka huona kiti chochote kinafaa.

Wiam akaingia mbio, joho la buluu linaburuzika, kofia imekaa upande.

"Khala! Abla Alaa kaja!" Khala ndiye mama mdogo, na abla ndivyo wanavyowaita walimu wao wa kike; huyu Abla Alaa wa kemia, aliyehamia Ibra mwaka huu, alikuwa akisifiwa kwangu kila siku mpaka nikamwonea wivu. "Kaja na mamake. Mzee kidogo, yataka kiti yenye mgongo. Kaka yake ndo kamleta mama kutoka Sur."

"Anataka kiti chenye mgongo," nilimrekebisha, kama kawaida yangu.

"Iyo iyo. Yalla, khala, njoo uwapokee!"

Nilifuta mikono nikaenda. Nilimkuta mlangoni mwalimu kijana mwenye uso mwembamba, na pembeni yake bibi mmoja aliyevaa abaya na kitambaa cha kitenge kichwani, ameshika mkongojo. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono na kusema "Shikamoo, mama," ndipo nikamtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na mkono wangu hakuuachia. "Wewe ni Ghalia."

"Ndiye miye."

"Mungu wangu. Alaa hakuniambia ni nyumba hii."

Alaa alitutazama mmoja baada ya mwengine, haelewi. Siku walipokuja kumposea kaka yake kwangu alikuwa na miaka kumi, kalala njia nzima kwenye kiti cha nyuma cha gari. Bibi yule alikuwa Bi Radhia, mama yake Hud.

Nisingetazama nje, lakini nilitazama. Mlango ulikuwa wazi. Kando ya gari nyeupe alisimama mwanamume wa kanzu na kofia, ndevu zimeingia mvi, anampa Amur mkono. Aliinua macho yakanikuta. Sikuyakwepa na yeye hakuyakwepa. Ilikuwa kitambo kidogo tu, Amur akamshika bega akamwelekeza kwenye majlis, baraza ya wanaume, na mimi nikabaki pale mlangoni na moyo unanipiga mbavuni kwa miaka yote kumi na minane. Kumbe ulikuwa hai.

Hud nilikutana naye chuoni Nizwa. Alinisikia maktaba nikihesabu vitabu kwa Kiswahili, akamalizia hesabu kutoka upande wa pili wa rafu, na tukacheka. Kwetu sisi ni watu tuliotoka Unguja, kwao ni watu waliotoka Kigoma, na katika macho ya kaka yangu hiyo ilikuwa safari ndefu kuliko bahari tuliyoivuka sote kuja Omani. Hata hivyo walikuja kuposa. Mama yangu aliomba wiki moja ya kufikiri. Wiki ile kimbunga kikapiga, wadi, yale mabonde makavu, zikashuka maji, njia ya Sur ikakatika, na jibu likabidi liende kwa simu. Mama alipiga mwenyewe. Aliponambia "Nimewakubalia," nilisujudu sijdat shukr, sijda ya shukrani, chumbani kwangu. Kisha nikangoja waje kupanga siku ya milka, ya kufunga ndoa. Njia ikafunguliwa, sikukuu ikapita, mwaka ukapita. Hawakuja. Hakuna aliyesema kwa nini.

*

Wasichana walikuwa wanaimba sebuleni, kwa hiyo Bi Radhia tulimweka chumbani kwa mama, kwenye ubaridi na utulivu. Mama yangu, Bi Mahfoudha, ana miaka sabini na tisa. Macho yamemwondoka kidogo, ulimi haujamwondoka hata chembe. Nilileta kahawa na halwa nikaanza kumimina, nikitaraji salamu zitawatosha mpaka chakula.

"Radhia wa Sur," mama alisema. "Radhia mama Hud?"

"Ndiye mimi, Mama Amur."

"Karibu. Leo siku ya mtoto, sitaki maneno." Akanywa finjani moja. "Ila nitakuuliza, maana nikifa nalo litan'kera kaburini. Mtoto wangu alikukoseani?"

"Mimi ndiye wa kuuliza hivyo," Bi Radhia alijibu. "Mwanangu aliwakosea nini?"

"Sisi tulikuambia ndiyo, mkatutupa! Hata salamu! Nimeshona nguo za bi harusi nikazikunja tena kwa mikono hii."

"Ndiyo gani? Mama Amur, mimi nina presha, usinitanie. Ulinipigia simu, Hud mwenyewe kakaa mbele yangu ananitazama mdomo. Maneno yako ninayo mpaka leo. Ulisema, 'Radhia, sisi na nyinyi nasibu, basi.' Nikakwambia asante, nikakata."

"Ee! Nasibu!" Mama akapiga paja. "Si ndiyo hiyo ndiyo yenyewe? Nasibu, wakwe! Sisi na nyinyi watu wa kuoana, mambo yamekwisha. Kwa sini, Radhia, nasiib, kwa sini!"

"Sini gani?"

"Herufi! Si ile ya sadi! Ile ya sadi ndiyo nasibu ya bahati, ya kukosa na kupata. Miye nilisema ya sini."

Bi Radhia aliweka finjani chini.

"Mimi sikusoma Kiarabu, mama. Nimekuja nchi hii mtu mzima. Masikio yangu hayana sini wala sadi, yana 'sa' moja tu. Na mwanangu mkubwa, kabla ya Hud, tulimposea nyumba tatu hapa Sharqiyah. Nyumba zote tatu walitujibu kwa adabu neno moja: ma shay nasib. Hakuna nasibu. Sasa wewe unanipigia simu inakwaruza, upepo unavuma, unasema nasibu, basi. Ningeelewa nini? Nilisikia mlango unafungwa."

"Ya Rabbi," mama alisema. "Ya Rabbi. Miye nilikuwa naufungua."

Wakatazamana, wazee wawili, kila mmoja kashika mdomo wake. Kisha wote wawili wakanikumbuka na wakageuka. Nilikuwa nimesimama na dele la kahawa. Nilijua kwamba ninatakiwa kusema kitu cha kuwapoza, nao wazee, na mmoja mgonjwa.

"Nakwenda kuleta maji," nilisema.

*

Nyuma ya jiko letu pana ukumbi mdogo wenye pipa la maji ya kunywa na mlango wa kutokea uani. Majirani wawili walikuwa jikoni wanakaanga, mlango katikati uko wazi, wananiona nami nawaona. Nilitia uso maji. Nilipoinua kichwa, Hud alikuwa kasimama upande wa uani na mfuko wa dawa mkononi.

"Samahani," alisema. "Dawa ya mama. Kaisahau garini. Nilidhani nitamkuta mtu mwengine."

Nilipokea mfuko nikasoma lebo, mazoea ya kazi. "Hii asubuhi na jioni. Jioni asichelewe."

"Sawa, dokta."

"Mfamasia."

"Sawa, mfamasia." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. "Ghalia, umelia."

"Mama yako na mama yangu wamezungumza."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, ya sini na ya sadi, na nikaona namna uso wake unavyobadilika. Alishika ukingo wa mlango.

"Walikubali," alisema.

"Walikubali."

"Nilikuwa nimekaa pale, Ghalia. Mama kaweka simu, kasema, 'Wamesema nasibu, mwanangu, tuwaache watu na binti yao.' Nikamwapia kuwa sitakusumbua."

"Ungenipigia mara moja. Mara moja tu."

"Nikwambie nini? Kwenu wamekataa, twende tutoroke? Nilikuheshimu. Na wewe hukupiga."

"Mwanamke aliyekwisha kukubaliwa hupiga simu kuuliza mbona huji kunioa? Hud, miye nilikuwa nangoja milka. Nilikaa nikijiuliza nimefanya nini. Nilikumbuka kila neno nililowahi kukwambia, nikilitafuta lile lililokuchukiza."

"Hakuna hata moja."

"Sasa najua. Nimekwenda nalo umri wangu wote."

Mmoja wa majirani aliita kuuliza chumvi iko wapi. Nilimjibu. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa, nikaishangaa.

"Sikukaa kimya kabisa," Hud alisema. "Mwaka uliofuata, kabla ya Idi Kubwa, nilimkuta Amur Nizwa, soko la mbuzi. Nilimshika mkono nikamwambia, 'Ndugu yangu, mama yenu alituambia hakuna nasibu. Nakuuliza kama mwanamume, jawabu lile halina mlango wa pili?' Akanitazama muda mrefu sana. Akasema, 'Basi ndivyo lilivyo.' Akaendelea kukagua mbuzi. Baada ya miezi sita nikamwoa Khulood."

Amur alikuwa karibu na mama siku ya ile simu. Mimi mwenyewe nilimwona, kakaa kwenye mkeka, anasikiliza kila neno, kanuna. Alijua mama alisema nini. Kwa hiyo pale sokoni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Hud, alielewa kosa lote mara moja, na akalifunika.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwapo pale.

"Ghalia, nisikilize." Hud hakusogea, lakini sauti ilikuwa karibu. "Khulood mke mwema, sina la kumsema. Tuna watoto watatu. Lakini nitakuja tena. Leo hii naweza kuingia majlis nikamwambia Amur. Sheria haikatazi, uwezo ninao, na haki yangu ilipotea njiani."

Sitajifanya kuwa sikutamani. Niliitamani ile sauti initoe katika nyumba hii, nisipewe hata muda wa kuvaa viatu. Nilimpenda Hud nikiwa na miaka ishirini na moja na siku ile, kwenye kiti cha plastiki, nilimpenda zaidi, kwa sababu sasa nilijua kuwa hakuniacha.

"Khulood utamwambia kakosa nini?" nilimuuliza.

"Hajakosa kitu."

"Basi atakaa usiku anajiuliza. Atakumbuka kila neno alilowahi kukwambia. Miye hiyo kazi naijua, Hud, nimeifanya miaka kumi na minane. Siwezi kumpa mwenzangu."

"Hunitaki tena?"

"Hilo usiniulize. Nikikujibu, nitakwenda na wewe."

Alinitazama, na katika kutazama kule mlikuwa na nyumba ambayo hatukuijenga na watoto ambao hawakuzaliwa. Machozi yalimtoka bila ya kujificha, mtu mzima, mvi ndevuni.

"Niwie radhi," alisema.

"Nimekuwia radhi. Nawe niwie. Mpe mama yako dawa mwenyewe, mwambie asijilaumu, na msiondoke kabla ya kula. Mtoto atasikitika mwalimu wake akenda na njaa."

Nilimrudishia mfuko wa dawa. Vidole vyetu havikugusana. Aliondoka kupitia uani, na nilisikia viatu vyake vya ngozi mpaka vilipofika kwenye mchanga na kuacha kusikika.

*

Amur nilimwita stoo, chumba tunachoweka tende. Aliingia anatazama saa yake.

"Magharibi imekaribia. Nimwambieje Bader?"

"Soko la mbuzi Nizwa," nilisema. "Hud alikuuliza, ukamwambia basi ndivyo lilivyo."

Aliufunga mlango polepole. Sikumbuki kumwona kaka yangu akitafuta pa kuweka mikono, lakini siku ile alitafuta.

"Kakwambia."

"Ulijua, Amur?"

Sikuwahi maishani kumwita jina lake tupu. Alilisikia.

"Nilijua," alisema. "Si mwanzo. Mwanzo n'lidhani wameghairi, na nikafurahi, n'nakiri. Watu wa bara, ukoo wao hatuujui. Lakini pale sokoni ndipo nilipofahamu kuwa hawakusikia sawasawa."

"Na ukanyamaza."

"Basma alikuwa na miezi mitatu kaburini, Ghalia! Mtoto alikuwa hali mpaka umlishe wewe, halali mpaka umbebe wewe. Baba yake keshatafuta mke. Mama kalala kitandani hataki kuamka. N'kasema, nikimwambia huyu ukweli, kesho yuko mlangoni, anakuchukua Sur. Na mtoto? Nani angem..." Alishindwa kumalizia. "Nilimtazama Wiam. Wallahi nilimtazama Wiam peke yake."

Kutoka sebuleni vilisikika vigelegele na jina la Wiam likiimbwa na wasichana ishirini. Nilisikiliza mpaka vikatulia.

"Ungeniuliza," nilisema.

"Ungesema unakwenda."

"Hujui ningesema nini. Pengine ningesema nakwenda. Pengine ningesema nakwenda naye kiunoni, na Hud angetupokea sote wawili, moyo anao. Pengine ningebaki. Hata miye sijui, Amur, na sitajua mpaka nife, kwa sababu hukuniuliza."

Kaka yangu alikaa juu ya gunia la tende. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na pale aliionyesha yote.

"Wiam usimwambie," alisema. "Nakuomba. Atadhani yeye ndiye sababu."

"Sitamwambia. Si kwa ajili yako."

"Najua."

"Nipe simu yako. Nimpigie Bader."

"Unataka kusema naye wewe? Haifai, Ghalia. Niambie miye, nitamfikishia."

"Jawabu langu moja mlishanifikishia. Nipe simu."

Alinipa. Bader aliitika mlio wa pili, akamwita Amur kwa jina la heshima, nikamwambia kwa Kiarabu kuwa si Amur, ni Ghalia. Nilisikia anainuka alipokuwa amekaa, akaenda mahali penye kimya. Nilimwambia kuwa asubuhi nilikuwa nimekubali moyoni mwangu. Nilimwambia kuwa leo nimegundua moyo wenyewe una mtu, na mtu huyo hatakuja, lakini hatoki. Nikamwambia yeye ni mtu wa kupewa moyo mzima na mimi sina wa kumpa, kwa hiyo jawabu ni hapana, na aliyelisema ni mimi, asije akamlaumu mtu mwengine.

"Allah yaktib lish al-khayr," alisema Bader, Mungu akuandikie kheri. Na sauti yake ile ya polepole ikaongeza, "Ahsante kwa kunambia kwa mdomo wako, Ghalia. Kungoja bila ya kuambiwa ni adhabu."

Hapo ndipo nilipolia, kwa mtu ambaye sikumpenda. Nilijifuta kwa ncha ya shela.

"Umemkataa," Amur alisema kutoka juu ya gunia. "Na Hud umemkataa, nimemwona alivyorudi majlis na macho mekundu. Wiam anakwenda zake. Utabaki peke yako, ndugu yangu."

Mlango uligongwa. "Khala!" Ilikuwa sauti ya Wiam. "Mpiga picha nataka kuondoka! Watu wote ishakaa, kiti ya katikati tupu, nakungoja wewe tu!"

"Nakuja, mama," nilimjibu. Kisha nikamgeukia kaka yangu. "Miaka kumi na minane mlinibakisha nyinyi. Kuanzia leo nimebaki kwa kutaka mwenyewe."

Nilimrudishia simu yake, nikafungua mlango, nikaenda kupigwa picha na mwanangu.